Kambi ya kucheza dansi wiki nzima, kwani huko wanacheza nini hasa?

Mwaka juzi nilimwambia mama mdogo kwenye simu kwamba wiki ya kwanza ya Agosti asinitafute, naenda kambini. Kimya. Halafu akashusha sauti kabisa, "Mwanangu, kambini tena? Kwani vibali vyako vimekuwaje?" Nikacheka mpaka nikakaa chini, maana mama mdogo ni mtu wa Kigoma na kwake kambi ni ile ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuna nyingine. Mjomba alikuwa pembeni anasikiliza, kwake yeye kambi ni JKT, akauliza kama nimejiunga na jeshi la Wamarekani. Binamu yangu wa mpira naye akasema labda ni kama Simba na Yanga wanavyojichimbia kabla ligi haijaanza. Nikawaambia jamani, ni kambi ya watu wazima, wanaenda msituni wiki moja kucheza dansi za asili za Uingereza na Marekani. Hapo ndio nikaharibu kabisa. "Wazungu wana ngoma za asili?"

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na watu kibao, wa nyumbani na hata wa hapahapa Massachusetts ninapoishi, na kila mmoja ana picha yake kichwani, huyu anaona kofia za kauboi, yule magauni ya malkia, mwingine anadhani ni zumba. Ngoja niandike mara moja yaishe.

Tuanze na kambi. Huku shule zinafungwa kiangazi kizima, kama miezi miwili na zaidi, na toka zamani wazazi wana desturi ya kupeleka watoto porini kwenye vibanda vya mbao wakaogelee, waote moto, wajifunze kitu. Watu wazima wakaona wivu wakaanzisha za kwao. Ya dansi hizi ninazosema, iliyo maarufu kuliko nyingi, inaitwa Pinewoods, iko msituni karibu na mji wa Plymouth, katikati ya maziwa mawili madogo yanayoitwa Long Pond na Round Pond. Usiwaze hoteli. Unalala kibandani, bafu la kushirikiana, na ukumbi wa dansi ni banda la mbao lililo wazi pembeni, sakafu na paa basi, miti imelizunguka pande zote. Banda kubwa linaitwa C#, yaani ile nota ya muziki, na ni utani kwenye jina la mzee mmoja Cecil Sharp, nitamrudia mbele maana ukimruka huyo hadithi nzima haieleweki. Wiki inaanza Jumamosi inaisha Jumamosi.

Neno la pili linalovuruga watu ni "country". Jirani zetu Wakenya ndio wanapotea zaidi hapa, wanaupenda muziki wa kantri mno, ukisema kantri tu tayari mtu anamwona Kenny Rogers na Dolly Parton na mabuti. Hapana, hii ni habari nyingine na ni ya zamani zaidi. Mwaka 1651 muuza vitabu mmoja wa London, John Playford, alichapa kitabu chenye dansi 105 pamoja na nyimbo zake, akaziita country, kwa maana ya dansi za vijijini, za watu wa kawaida, ingawa nina uhakika walionunua kitabu walikuwa watu wa mjini wenye hela. Na angalia mwaka wenyewe, mfalme wao walikuwa wamemkata kichwa miaka miwili tu nyuma, nchi iko mikononi mwa akina Cromwell ambao kila mtu anawasema walichukia starehe, na bado kitabu cha dansi kikauzika, kikachapwa tena na tena mpaka miaka ya 1720.

Dansi hizo zikavuka kwenda Ufaransa, Wafaransa wakalitamka jina kwa ulimi wao, contredanse, halafu jina likarudi na kuvuka mpaka Marekani likiwa limekatwa, "contra". Ni kama kanzu uliyomwazima jirani ikarudi imepunguzwa mikono. Kwa hiyo contra hapa haimaanishi kupinga kitu, na haihusiani kabisa na wale wapiganaji wa Nicaragua (nimeulizwa, kweli).

Sasa huko kambini wanacheza vitu kama vinne hivi, na watu wengi hawajui ni vinne, wanaona video moja wanadhani ndio yote.

Ya kwanza ni hiyo ya Waingereza, ya mtindo wa kina Playford. Mnasimama mistari miwili mirefu mnatazamana, kila mtu na patna wake mbele yake, kama wanafunzi kwenye paredi ya asubuhi ila mistari inaangaliana. Muziki ni fidla, piano, filimbi, na mwendo mara nyingi ni kutembea tu, lakini kutembea kwa maana, unatembea unamwangalia mtu. Kila dansi ina wimbo wake, ukitaja jina la dansi umeshataja na wimbo, huwezi kuvitenganisha.

Ya pili ndio contra, ya Wamarekani wa majimbo haya ya kaskazini mashariki, New Hampshire, Vermont, Massachusetts. Mistari ni ileile miwili, ila moto umeongezwa. Bendi inaweza kupiga wimbo wowote ilimradi urefu ni sawa, watu wanajizungusha, wanatokwa jasho, sakafu inatetema. Ya tatu ni square, kapo nne zinasimama kama pande nne za meza. Ya nne ni tofauti kabisa na hizo tatu, inaitwa morris, na hiyo mtu wa pwani akiiona anaielewa haraka kuliko Mmarekani mwenyewe: kundi la watu sita, wamefunga njuga miguuni, mkononi wana leso au fimbo, wanaruka na kugonganisha fimbo. Nilimwonyesha rafiki yangu wa Lamu video akaangalia kama dakika moja hivi, akasema, "Hii si kirumbizi hii?" Si kirumbizi, ila nilimwelewa. Morris haina mambo ya kapo, ni kundi linacheza watu wengine wakitazama, wakati zile tatu hazina watazamaji kabisa, ukiwepo ukumbini unacheza.

Swali ambalo kila mtu analo ni hili, watu mia wanajuaje wafanye nini kwa wakati mmoja bila kugongana? Jibu ni kwamba kuna mtu na maiki. Kiingereza chake ni caller, na nikiandika "kola" mtafikiri shati, basi tumwite mwitaji. Mfikirie konda wa daladala. Konda mzuri hakuambii "Manzese" gari likishapita Manzese, anakuambia kabla, "Manzese wapo? Jiandae," ili gari likisimama uko mlangoni. Mwitaji ni hivyohivyo, anataja hatua mapigo machache kabla haijaanza, ili mdundo ukiingia mwili wako umeshajua. Kabla muziki haujaanza anawapitisha taratibu, mnatembea hatua zote bila muziki mara moja au mbili. Halafu mkishazoea anapunguza maneno, anataja neno mojamoja, mwishowe ananyamaza kabisa na dansi linaenda lenyewe.

Na wanaweza kulizoea haraka hivyo kwa sababu muziki una hesabu moja. Wimbo una sehemu mbili, kila moja inapigwa mara mbili, jumla mapigo 64. Hatua nyingi zinakula mapigo 8, zingine 16. Mapigo 8 ya kwanza labda wewe na jirani mnazungukana mgongo kwa mgongo, hiyo wanaita do-si-do, ni Kifaransa kilichochakaa. Mapigo mengine 8 mnashikana mkono mmoja mnazunguka. Kuna hatua inaitwa hey, watu wanne wanapishana bega la kulia, bega la kushoto, bega la kulia, na ukitazama kutoka juu ni ukili unasukwa kabisa, mtu akikosea bega moja tu ukili wote unafumuka na watu wanne wanabaki wanatazamana wakicheka.

Sasa hapa ndipo penye uchawi wenyewe, soma polepole. Ile mistari miwili mirefu inagawanywa kuanzia mbele, kapo mbilimbili, hawa namba moja hawa namba mbili, watu wanne wanafanya kikundi. Mnacheza na hao wenzenu mapigo 64. Hatua ya mwisho imepangwa kwa ujanja kiasi kwamba ikiisha, kapo namba moja wamesogea nafasi moja kwenda chini na namba mbili wamesogea nafasi moja kwenda juu, kwa hiyo ukigeuka unakutana na kapo mpya kabisa, na mnaanza dansi lilelile upya. Ukifika mwisho wa mstari unasubiri mzunguko mmoja, halafu namba yako inabadilika unarudi ulikotoka. Mzunguko mmoja ni kama nusu dakika, dansi moja ni kama dakika kumi, kwa hiyo unapomaliza umecheza na kapo kama kumi na nane, umewashika mikono, umewaangalia usoni, na wote hao hujui majina yao. Ni upatu huu, zamu inazunguka mpaka kila mtu ameguswa, na patna uliyeanza naye bado mko naye mwanzo mpaka mwisho. Dansi likiisha unamshukuru, unatafuta patna mwingine.

Ndio maana nikisikia mtu anasema "mimi siwezi kwenda sina patna" namwambia hujaelewa. Kwenye contra kwenda peke yako ni kawaida, na anayeng'ang'ania mtu mmoja usiku mzima ndiye anaonekana wa ajabu. Na mwenye kuomba si lazima awe mwanaume, yeyote anamwomba yeyote. Siku hizi ukumbi mwingi hawasemi hata mabwana na mabibi, wameweka majina ya ndege wawili, Larks na Robins, kwa sababu L ni herufi ya kwanza ya "kushoto" kwa Kiingereza na R ya "kulia", huyu anasimama kushoto yule kulia, basi, uwe mwanaume uwe mwanamke utajichagulia. Wazee wengine walinuna mwanzoni. Mimi naona ilirahisisha mambo, kwenye chumba chenye wanawake wengi kuliko wanaume hakuna tena wanaokaa kwenye benchi.

Kitu cha kimwili ambacho hakuna aliyenitayarishia ni ule mzunguko wanaouita swing. Mnashikana kama kwenye dansi la ukumbini, miguu yenu ya kulia inakaribiana katikati, huo mguu unabaki palepale kama ekseli na wa kushoto ndio unasukuma, sukuma, sukuma. Kama mtoto ambaye baiskeli ni kubwa kwake, mguu mmoja yuko kwenye pedali na mwingine anasukuma chini. Mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa, nilizungushwa na bibi wa miaka labda 75 mpaka ukuta ukawa mstari, nikaachiwa nikaelekea upande wa spika badala ya upande wa watu. Bibi akanirudisha kwa kiwiko, akaniambia kwenye mzunguko unaofuata nimwangalie yeye machoni, nisiangalie ukuta. Nikafanya, kizunguzungu kikakata. Ni kweli, kichwa kinazunguka zaidi jicho likifukuza vitu vinavyopita, ukilipatia kitu kimoja kilichotulia linatulia. Ila kumkodolea macho bibi wa mtu usiyemjua, kwa malezi yetu, ilinichukua kama wiki tatu kuzoea.

Haya, mzee Sharp. Alikuwa mwalimu wa muziki Uingereza. Krismasi ya 1899 yuko kwa mama mkwe wake Headington, karibu na Oxford, tarehe 26 Desemba anachungulia dirishani anaona wanaume wamevaa njuga wanacheza barabarani. Haukuwa msimu wa kucheza morris hata kidogo, walikuwa mafundi ujenzi, baridi kali imesimamisha kazi, wanacheza wapate senti mbili tatu. Aliyewapigia kodiani ndogo aliitwa William Kimber. Sharp akamwita kesho yake akaandika nyimbo tano. Kutoka hapo mzee hakutulia tena, akazunguka vijiji kuandika dansi na nyimbo, 1911 akaanzisha chama cha dansi za asili Uingereza, na 1915 alipokuwa Marekani tawi la huko likaanzishwa, ndilo hilo hadi leo linaitwa Country Dance and Song Society. Tajiri mmoja wa Boston, mama Helen Storrow, alikuwa nyuma yake, na ardhi ya Pinewoods ilikuwa yake. Ukiwahi kukwama kwenye foleni ya Storrow Drive mjini Boston, hiyo barabara ina jina la mumewe.

Lakini waliozicheza morris upya kabla ya karibu kila mtu walikuwa wasichana mafundi cherehani wa London, klabu ya mama mmoja Mary Neal, ambaye 1905 alimwita huyohuyo Kimber aje awafundishe. Baadaye Neal na Sharp wakagombana vibaya, Sharp anataka hatua sahihi, Neal anataka raha. Ugomvi huo bado upo, mimi niko upande wa Neal.

Hapa ndipo neno "asili" linapoanza kunisumbua. Watu watakuambia morris ni ibada ya kipagani ya kuombea mazao, ina maelfu ya miaka. Hakuna ushahidi. Kumbukumbu ya zamani kabisa iliyopo ni malipo, shilingi saba, chama cha masonara wa London kiliwalipa wachezaji mwaka 1448. Yaani walikuwa watumbuizaji wa karamu. Jina lenyewe linatokana na "Moorish", watu wa Afrika Kaskazini, kwa maana ya kitu cha kigeni cha kupendeza. Na kuna makundi yaliyokuwa yakijipaka uso mzima rangi nyeusi, wakisema ni desturi tu, mpaka Julai 2020 vyama vyao vikuu vikatangaza basi, inatosha. Nilipokuwa mgeni hilo ndilo lilikuwa linanitia wasiwasi kuliko hatua zenyewe.

Upande wa Marekani ni vivyo hivyo. Sharp alizunguka milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918, na 1917 huko Kentucky akaona dansi la kasi la vijijini, akashangilia kwamba amegundua dansi la Kiingereza la zamani kuliko hata kitabu cha Playford. Alikuwa anaona alichotaka kuona. Dansi zile zilikuwa mchanganyiko, kuna Uskoti ndani, kuna Wafaransa, na kuna watu weusi tena wengi. Wapiga fidla kwenye karamu za mabwana mara nyingi walikuwa watumwa. Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa 1841 akauzwa Louisiana, alipigishwa fidla kwenye karamu hizohizo. Banjo mizizi yake ni Afrika Magharibi. Na yule konda wetu wa maiki, mwitaji? Ulaya watu walikariri dansi kwa mwalimu kabla ya karamu, hii ya kupaza sauti dansi likiendelea ilikulia Marekani, na wengi wa waitaji wa mwanzo kabisa wanaoonekana kwenye kumbukumbu ni wanamuziki weusi. Halafu miaka ya 1920 anakuja Henry Ford, huyu wa magari, anaichukia jazi, anamwaga pesa kufufua square ili vijana warudi kwenye dansi "safi" la wazungu. Hakujua anafufua nini.

Sisi hili tunalijua vizuri tukijitazama. Beni ya Lamu na Mombasa, toka miaka ya 1890, ilikuwa na tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi vya mzungu. Mwomboko wa Wakikuyu na kodiani yake ulichota kwenye dansi za walowezi. Leo ukiuliza ni ngoma ya nani, wenyewe watakuambia ni yetu, na ni kweli.

Ndio maana pia usishangae ukisikia kwamba dansi nyingi zinazochezwa kambini leo zimetungwa juzi tu, watungaji wengine wako hai na wako pale pale kwenye foleni ya chai. Hatua ni zile za zamani, mpangilio ni mpya, kama fundi anavyokata mtindo mpya kwenye khanga ileile.

Na siku inaendaje? Asubuhi madarasa, labda dansi ya Kiingereza kwanza halafu morris au dansi ya upanga, mtu anayejifunza fidla yuko chini ya mti na kikundi chake. Mchana watu ziwani. Jioni dansi kubwa na bendi, ya Kiingereza na ya Kimarekani zikipishana, na usiku mwisho kabisa bendi inapiga waltz, kila mtu huko anajua waltz ikianza ni kwaheri, ingawa wasiolala wanaenda kuendelea kupiga muziki mahali. Ada inalipwa na si ndogo kwa mtu wa kawaida, ila ipo misaada, wengine wanapunguziwa na kufanya kazi ndogondogo za kambi.

Mama mdogo nilipomweleza yote haya alikubali, akabaki na swali moja tu la maana, nguo. Nikamwambia viatu vyepesi vyenye soli safi ambavyo hujatembelea nje, maana kokoto moja inachubua sakafu nzima, sketi pana ukipenda kwa sababu inapepea kwenye swing, wanaume wengine nao wanazivaa kwa sababu hiyohiyo ya joto na upepo. Na mashati. Contra ya Julai ni jasho la kukamua, na kwa kuwa kila nusu dakika unakumbatiwa na mtu mpya, adabu ni kubadilisha, kwa hiyo watu wanakuja na shati la pili na la tatu wameliviringisha kwenye mfuko. Akaniambia nisubiri, kuna mtu anakuja huko mwezi ujao, atanitumia vitenge vinne.